Maswali ya Wasomaji: Je, Ipo Friji Isiyo na Gesi wala Kompresa?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Tanga, na kazi hii ndiyo inayonilisha pamoja na familia yangu. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi ameona kwenye simu yake habari za friji isiyo na gesi wala kompresa, ambayo ndani yake mna vipande vya kauri vinavyopata joto vikipewa umeme na kupoa umeme ukiondolewa. Sasa anawaambia wateja kwamba umeme ukikatika mtaani, friji hiyo ndiyo itazidi kugandisha. Naomba kujua kama jambo hili ni la kweli, linafanyaje kazi, na kama sisi tunaojaza gesi tuanze kutafuta shughuli nyingine.
Fundi wa friji, Ngamiani, Tanga

JIBU

Ndugu fundi, kijana wako amesoma jambo la kweli kisha akalimalizia kwa matumaini yake mwenyewe. Kauri za namna hiyo zipo. Ukiziweka chini ya uga wa umeme hupata joto kidogo, na ukiuondoa uga huo hupoa. Wanafizikia huiita tabia hii athari ya elektrokaloriki, na maada zinazoionyesha kwa nguvu zaidi ni zile ziitwazo feroelektriki. Lakini kupoa huko hutokea mara moja tu kila umeme unapoondolewa, tena kwa nyuzi chache, kisha kauri hurudia halijoto ya vitu vinavyoizunguka. Ili ipoe tena ni lazima ipewe umeme upya, itoe joto lake nje, halafu umeme uondolewe kwa mara nyingine. Umeme ukikatika mtaani, friji ya kauri itapoa mara hiyo moja, kisha itakaa kimya kama friji nyingine zote za mtaa huo.

Kabla ya kuingia katika umeme, fanya jaribio dogo. Chukua mpira mwembamba wa kufungia noti, uguse mdomo wa juu, kisha uuvute kwa haraka huku bado unagusa ngozi. Utauhisi umepata joto. Uache ukiwa umevutwa hivyo hivyo kwa muda mfupi, hadi joto lile lipotee, halafu uuachie kwa ghafla ukiwa bado mdomoni: safari hii utauhisi ni wa baridi. Hukutumia gesi, na hakuna kilichoyeyuka wala kuwa mvuke. Nyuzi ndefu za molekuli ndani ya mpira zilikuwa zimejikunja ovyo, ukazilazimisha kunyooka na kupangika. Mpangilio huo uliwalazimu wenzake, yaani mitikisiko ya atomu, kubeba vurugu iliyoondolewa, na mitikisiko ikiongezeka ndilo joto unalolihisi. Ulipoachia, nyuzi zilirudia ovyo wao, na vurugu waliyoihitaji wakaitoa kwenye mitikisiko, ndiyo maana mpira ukapoa.

Katika kauri ya feroelektriki mkono unaovuta ni uga wa umeme, na kinachopangika ni dipoli, yaani vijozi vya chaji chanya na hasi vilivyomo katika kila chumba kidogo cha fuwele. Pasipo uga, dipoli hizo huelekea kila upande. Uga ukiwekwa, nyingi hugeukia upande mmoja, na kauri hupata joto. Uga ukiondolewa hutawanyika, na kauri hupoa. Kipimo cha vurugu hiyo ndicho wanafizikia wanachokiita entropia. Kwa kuwa hatua yenyewe ni ya haraka kuliko joto linavyoweza kuingia au kutoka, jumla ya entropia haibadiliki: kinachopungua kwenye dipoli sharti kiongezeke kwenye mitikisiko ya atomu.

Ukiutazama mzunguko huu kwa jicho la ufundi wako, hutauona mgeni. Kuweka umeme kunashika nafasi ya kompresa inapoisindika gesi. Kauri yenye joto kutoa joto lake nje ni kazi ya kondensa nyuma ya friji. Kuondoa umeme kunashika nafasi ya kapilari, pale shinikizo linaposhuka, na kauri iliyopoa kunyonya joto la chakula ni kazi ya evaporeta. Hatua ni nne zile zile na mpangilio ni ule ule. Tofauti ni kwamba hapa maada inabaki yabisi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna bomba linaloweza kuvuja.

Jambo lenyewe si la juzi. Mwaka 1930, huko Leningrad, Pavel Kobeko na Igor Kurchatov waliichunguza athari hii katika chumvi ya Rochelle, fuwele ambayo Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikuwa ameitambua kuwa feroelektriki miaka kumi hivi kabla yao. Kurchatov ndiye yule ambaye baadaye aliongoza mradi wa bomu la atomu la Kisovieti, na pengine ndiyo sababu watu wachache wanaikumbuka kazi yake ya chumvi. Badiliko la halijoto walilolipata lilikuwa dogo mno, na kwa miongo mingi athari hii ilibaki mambo ya maabara, ya kupimwa na kuandikwa tu bila kupata matumizi.

Mwaka 2006 hali ikabadilika. Watafiti waliokuwa Uingereza, akiwemo Neil Mathur wa Cambridge, walitangaza kwamba utando wa kauri yenye risasi, zirkoni na titani, wenye unene wa nanomita 350 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), unaweza kubadilika kwa nyuzi 12 kwa kupewa volti 25. Siri ilikuwa wembamba huo. Volti 25 zikigawanywa katika unene mdogo namna ile hutoa uga mkubwa kupita kiasi ambao kipande kinene kisingeustahimili bila kupasuliwa na cheche. Mwaka 2008 kundi la Qiming Zhang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania likapata badiliko la kadiri hiyo hiyo katika polima, yaani plastiki laini yenye florini. Hata hivyo, habari za kwenye simu huacha mambo mawili. Kauri ile ya 2006 ilionyesha nyuzi hizo 12 ikiwa tayari kwenye nyuzi 226 za Selsiasi, halijoto ambayo hakuna mtu anayehifadhia samaki. Na nyuzi hizo zilipatikana kwa hesabu kutokana na vipimo vya umeme, si kwa kipimajoto kilichogusishwa kwenye utando. Utando wa nanomita 350, kwa vyovyote, hauna uzito wa kupoza hata tone la maji.

Hapa ndipo ugumu wote ulipo, na wewe unayeshika gesi kila siku utauelewa kuliko wengi. Gramu moja ya R600a, gesi ya friji nyingi mpya, inapogeuka mvuke hunyonya zaidi ya jouli 300. Sasa chukua kauri ambayo kila gramu yake huhitaji jouli 0.3 hivi kupanda uzi mmoja wa joto, na useme inabadilika kwa nyuzi 3: kila mzunguko, gramu hiyo itabeba takriban jouli moja tu. Gesi inaishinda kwa mamia. Njia ya kufidia pengo hilo ni mbili: kuwa na kauri nyingi, na kuzungusha mzunguko haraka. Gramu 100 zikizungushwa mara moja kwa sekunde zitahamisha, kwa hesabu ya karatasi, wati 100, ambazo zinatosha friji ya kawaida ya nyumbani. Lakini karatasi haisemi kwamba katika nusu sekunde joto linatakiwa litoke katikati ya kauri hadi nje, wala haisemi kwamba mzunguko mmoja kwa sekunde kwa miaka kumi ni mizunguko milioni 315, na kauri yenye ufa mmoja mwembamba chini ya uga mkali haifiki huko.

Halafu kuna swali ambalo naamini tayari unalo: nyuzi 3 zitamfaa nani, ikiwa Tanga chumba kina nyuzi 32 na maziwa yanataka nyuzi 4? Dawa yake ni kujikusanyia tofauti ndogo ndogo. Vipande vya kauri hupangwa kwa safu, na katikati yao hupitishwa kimiminika kisichopitisha umeme. Umeme ukiwekwa, vipande hupata joto na kimiminika husukumwa kuelekea upande mmoja kikibeba joto hilo. Umeme ukiondolewa, vipande hupoa na kimiminika hurudishwa upande wa pili. Baada ya kurudia mara nyingi, upande mmoja wa safu unakuwa wa moto na mwingine wa baridi, na kila kipande hufanya kazi katika halijoto yake, kikianzia pale jirani yake alipoishia. Kwa njia hiyo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Luxembourg, katika kundi la Emmanuel Defay, ilitangaza mwaka 2023 kifaa kilichofikisha tofauti ya nyuzi 20.9 kati ya pande zake mbili, na ambacho uwezo wake wa juu kabisa wa kupoza ni wati 4.2. Kauri iliyotumika ina risasi, skandi na tantali, na uga ulikuwa wa volti 10 kwa kila maikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ya unene. Ujue tu kwamba vilele hivyo viwili haviji kwa pamoja: pampu yoyote ya joto ikifikia tofauti yake kubwa kabisa huwa haina tena nguvu ya kuhamisha joto la ziada.

Wati 4.2 si friji. Lakini kwa maoni yangu ni hatua kubwa, kwa kuwa kifaa hicho kimetumia kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhia chaji ya umeme, zilizoundwa kwa matabaka, kwa njia ile ile inayotumika kutengeneza kapasita ndogo zinazojaa katika kila simu, na viwanda vya kuzitengeneza tayari vipo. Tena umeme unaowekwa kwenye kauri haupotei wote. Kauri ni kapasita, na chaji yake inaweza kumwagwa kwenye kipande cha pili kinachosubiri zamu yake, badala ya kuiacha igeuke joto la bure kwenye waya. Bila ujanja huo wa kurudisha chaji, hesabu ya matumizi ya umeme haivutii hata kidogo.

Kinachowasukuma watafiti ni hizi gesi tunazozijua. R134a ina uwezo wa kupasha dunia joto unaokadiriwa kuwa mara 1,430 ya ule wa kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka mia moja, na ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, wakakubaliana kupunguza hatua kwa hatua matumizi ya gesi za jamii hiyo. R600a haina dhambi hiyo, lakini inawaka moto, kama unavyojua. Kauri haivuji wala haiwaki. Hata hivyo isitajwe kuwa ni safi bila masharti, kwa sababu kauri zinazofanya vizuri zaidi hadi leo zina risasi, na vifaa vibovu vikitupwa jalalani risasi hiyo itamrudia mtu.

Kuhusu kazi yako, usiuze geji zako. Sioni friji ya kauri ikiingia madukani kwetu kabla ya kizazi kingine cha friji za gesi kupita mikononi mwako. Ninachokitarajia kuonekana mapema ni vitu vidogo: kupoza vipuri vya elektroniki vinavyochemka, au kisanduku cha kubebea dawa, mahali ambapo wati chache zinatosha na sauti ya kompresa ni kero. Ikija, itahitaji fundi anayejua pampu za kimiminika na umeme wa volti nyingi. Tabaka la maikromita 38 likipewa volti 29 kwa kila maikromita, kwa mfano, linadai zaidi ya volti 1,000, na hicho si kitu cha kukigusa kwa bisibisi ya kubahatisha.

SWALI

Mhariri, nafundisha Fizikia shule ya sekondari huku Kakamega. Nimewafundisha wanafunzi kwamba maada hubadilika kutoka yabisi kuwa kimiminika na kutoka kimiminika kuwa gesi. Nikisoma kuhusu feroelektriki nakuta panatajwa mabadiliko ya awamu ndani ya kitu ambacho ni kigumu kabla na kigumu baadaye. Kinabadilika nini hapo? Na kwa nini athari hii ya kupoza inasemekana kuwa kubwa karibu na halijoto moja tu?
Mwalimu, Kakamega

JIBU

Mwalimu, tuchukue mfano mmoja na tukae nao, kwa sababu mifano mingi hapa huchanganya. Titaneti ya bari iligunduliwa kuwa na sifa hizi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani, Umoja wa Kisovieti na Japani kila mmoja kwa njia yake, watu walipokuwa wakitafuta kitu cha kutengenezea kapasita badala ya ulanga, madini ambayo vita iliyafanya kuwa adimu na ambayo yalichimbwa hata katika milima ya Uluguru. Fuwele yake imejengwa kwa vyumba vidogo vya umbo la mchemraba. Kwenye pembe nane zipo ayoni, yaani atomu zenye chaji, za bari, katikati ya kila uso ipo oksijeni, na katikati kabisa ya chumba ipo ayoni moja ya titani.

Juu ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, chumba hicho ni mchemraba kamili na titani, kwa wastani, imekaa katikati barabara, kwa hiyo chaji chanya na hasi hulingana na hakuna upande unaopendelewa. Ikishuka chini ya halijoto hiyo, titani huhama kutoka katikati na kusogelea mojawapo ya nyuso sita, huku oksijeni zikisogea kinyume chake. Mwendo huo ni chini ya asilimia 5 ya upana wa chumba, na chumba chenyewe hurefuka kwa asilimia moja hivi upande huo. Hakuna jicho litakaloona tofauti. Kipande kitabaki kigumu na cheupe vile vile. Lakini sasa kila chumba kina upande chanya na upande hasi, na vyumba jirani huvutana kuelekea upande mmoja, hata maeneo mazima ya fuwele huwa na mwelekeo mmoja. Mwelekeo huo unaojitokeza wenyewe, na ambao uga wa umeme wa nje unaweza kuugeuza, ndio unaoitambulisha feroelektriki. Halijoto ya mpaka inaitwa halijoto ya Curie.

Kilichobadilika, basi, ni ulinganifu. Kabla, pande zote sita zilikuwa sawa. Baadaye, mmoja umechaguliwa. Wala safari haiishii hapo. Karibu na nyuzi 5 titani hubadili mwelekeo na kuelekea ukingo wa mchemraba, na karibu na nyuzi 90 chini ya sifuri huelekea pembe. Kwa hiyo kipande kimoja cha kauri, kikiwa kigumu muda wote, kina awamu nne, na wanafunzi wako wanaweza kuambiwa kwamba hali tatu za kitabuni ni mwanzo wa orodha.

Joto fiche, yaani joto linalotumika kubadili awamu bila kubadili halijoto, nalo lipo, kwa sababu badiliko la nyuzi 120 katika titaneti ya bari ni la ghafla, lakini ni dogo sana: chini kidogo ya jouli moja kwa gramu, wakati barafu ikiyeyuka hudai 334. Atomu hazikuvunja kiunzi chao, zilisogea tu ndani yake. Ziko feroelektriki nyingine ambazo badiliko lake ni la polepole, lisilo na joto fiche, na dipoli zake hukua kutoka sifuri kadiri halijoto inavyoshuka.

Sasa swali lako la pili. Fikiria uko mbali chini ya halijoto ya Curie. Dipoli tayari zimeelekea upande mmoja kwa kuvutana zenyewe, na uga wako ukija haukuti vurugu ya maana ya kupanga. Nenda mbali juu yake: mitikisiko ya joto ni mikali kiasi kwamba uga wa kawaida hauwezi kuzigeuza dipoli ila kidogo tu. Karibu na mpaka, hasa juu kidogo yake, nguvu hizo mbili zinakaribia kulingana, na uga mdogo unatosha kuamua ushindi. Kwa badiliko la ghafla, uga unaweza hata kuivusha maada yote kutoka awamu moja hadi nyingine, na hapo joto fiche lote linaingia kazini. Hilo ndilo linalofanya kauri ya risasi, skandi na tantali ipendwe, kwani badiliko lake ni la ghafla na mpaka wake uko karibu na halijoto ya chumba. Ubaya wa badiliko la ghafla ni ukaidi wake: maada ikishavushwa haivuki kurudi kwenye uga ule ule iliovukia kwenda, na kila mzunguko hupoteza nishati kidogo katika tofauti hiyo.

Hesabu yake ni nzuri kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda chuo. Kutokana na mahusiano ya Maxwell katika thermodinamiki, kiasi ambacho entropia hubadilika kwa kila ongezeko la uga ni sawa na kiasi ambacho polarizesheni, yaani kipimo cha jinsi dipoli zilivyoelekea upande mmoja, hubadilika kwa kila uzi wa halijoto. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuchora grafu ya polarizesheni dhidi ya halijoto, akatafuta mahali mteremko ulipo mkali zaidi, akajua bila kugusa kipimajoto kwamba pale ndipo kupoa kutakuwa kukubwa. Mteremko huo huwa mkali karibu na halijoto ya Curie, pale polarizesheni inapoporomoka. Watafiti wa 2006 niliowataja katika jibu la kwanza walikwenda njia hii. Inahitaji uangalifu, kwani kanuni hiyo huchukulia kwamba maada iko katika msawazo, na kauri zenye badiliko lililosambaa mara nyingi haziko hivyo. Kwa upande wangu huamini zaidi nyuzi zilizopimwa moja kwa moja.

Uhusiano huo huo ukiusoma kwa upande wa pili, unasema kwamba maada hizi zikipashwa joto zitatoa chaji. Taa za usalama zinazowaka mtu akipita getini hutumia tabia hiyo: ndani ya sensa yake mna kipande kidogo ambacho joto la mwili, likikifikia kama mionzi, hubadilisha polarizesheni yake na kutoa mkondo mdogo wa umeme. Sensa ya namna hiyo hununuliwa kwa bei ndogo katika maduka ya vipuri vya elektroniki, na ni kifaa kizuri cha kuonyesha darasani.

Kwa kuwa athari ni kubwa mahali pamoja tu, mhandisi hana budi kuusogeza mpaka huo hadi pale anapoutaka. Kwa titaneti ya bari jambo hilo si gumu: ukibadilisha sehemu ya bari kwa stronti, halijoto ya Curie hushuka kwa nyuzi tatu hivi kwa kila asilimia moja, na ukifika asilimia 30 unaukuta mpaka karibu na halijoto ya chumba. Safu ile ya vipande niliyomweleza fundi wa Tanga inaweza basi kujengwa kwa kauri za michanganyiko tofauti, za upande wa baridi zikiwa na stronti nyingi zaidi. Njia nyingine ni kutumia kauri za jamii iitwayo rilaksa, ambazo ayoni zake zimechanganyika ovyo kiasi kwamba mpaka hutawanyika katika nyuzi nyingi. Kilele chake ni cha chini, lakini ni kipana. Kwa nchi zetu nadhani upana una faida, kwa sababu kauri iliyopangiwa chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya itajikuta Mombasa mwezi Machi ikifanya kazi nje ya mahali pake.

SWALI

Nina dispensa ya maji nyumbani ambayo fundi aliifungua akaniambia haina gesi wala kompresa, bali kuna kibao kidogo cheupe chenye waya mbili. Je, hiyo ndiyo friji ya kauri mnayoisema?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU

Hapana, ingawa kibao hicho nacho kimefunikwa kwa kauri, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. Ulicho nacho ni kipande cha Peltier, kwa jina la Mfaransa aliyeona mwaka 1834 kwamba mkondo wa umeme ukipita kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, kiungo hicho hupata joto au hupoa kulingana na upande mkondo unakoelekea. Ndani ya kibao chako, katikati ya bamba mbili nyeupe, zimo nguzo nyingi ndogo za maada zenye bismuthi na teluri, na elektroni zinazopita ndizo zinazobeba joto kutoka uso mmoja hadi mwingine. Bamba nyeupe zenyewe hazifanyi chochote zaidi ya kushikilia nguzo na kuzuia umeme. Kibao kinachouzwa sana, chenye alama TEC1-12706, kina jozi 127 za nguzo hizo na huchukua hadi ampea 6 hivi.

Tofauti ya msingi ni kwamba kibao chako kinahitaji mkondo upite bila kukoma, na mkondo huo huo hupasha joto nguzo unazopitia, huku joto la uso wa moto likirudi kwa uso wa baridi kupitia nguzo hizo hizo. Kwa sababu hiyo hufikia takriban asilimia 10 tu ya ufanisi ambao sheria za fizikia zinaruhusu, ambapo friji ya kompresa hufikia mara kadhaa ya hapo. Katika kauri ya feroelektriki mkondo hupita kwa kitambo kidogo wakati wa kuweka chaji na wakati wa kuiondoa, na katikati ya vitambo hivyo karibu hakuna kinachopita. Kundi la Luxembourg lilikadiria kwamba kifaa chao, chaji ikirudishwa ipasavyo, kingeweza kufikia asilimia 64 ya kikomo hicho cha fizikia.

Kibao cha Peltier, hata hivyo, kina sifa ambayo kauri haijaifikia: hakina kitu kinachosogea, si pampu wala kimiminika, na bei yake ni ndogo. Feni iliyo nyuma ya dispensa yako ndiyo inayofanya kazi ngumu ya kuondoa joto la uso wa moto, na ikisimama au ikizibwa na vumbi, joto hilo hurudi upande wa maji na maji hayapoi tena, hata kama kibao chenyewe ni kizima.